Hendeli Tatu za Athanas Kobelo

Kiwanda kilipouzwa, mashine za karakana zilipigwa mnada kwa kilo, kama nyama. Mpaka leo wapo watakaokuambia zilikuwa chakavu. Hazikuwa chakavu. Asubuhi zilikuwa zinafanya kazi, jioni zikawa chakavu, na kilichopita katikati ni hotuba.

Aliyehutubia alikuwa bwana wa tume kutoka Dar es Salaam. Alisema serikali imeacha kufanya biashara, sasa soko ndilo litakaloamua. Wafanyakazi wa kiwanda kile cha zana za kilimo, hapa Morogoro, walimsikiliza wamesimama juani, kwenye uwanja ule ule ambako miaka ya nyuma waliambiwa, pia wakiwa wamesimama juani, kwamba kiwanda ni mali yao. Mmoja akainua mkono akauliza mali ya mtu inauzwaje mwenyewe akiwa amesimama anatazama. Akajibiwa kwamba muda wa maswali haujafika. Hadi leo haujafika.

Mwekezaji alitaka majengo tu. Zahanati ya kiwanda ilifungwa kwanza, kantini ikafuata. Michoro yote ya karakana, kazi ya miaka, ilitolewa kwa toroli ikaishia sokoni kufungia karanga. Kwa miezi kadhaa mtu alinunua karanga pale Mafiga, akimaliza kutafuna anakuta ameshika nusu ya gia.

Athanas Kobelo, fundi wa karakana, alinunua mashine moja. Ilikuwa ile ya kuchonga chuma, mafundi huiita milingi. Kisu chake huzunguka mahali pamoja, na meza iliyobeba chuma ndiyo inayosogezwa chini ya kisu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Inasogezwa kwa hendeli tatu. Fundi husimama mbele yake, mkono huu hapa na mkono huu pale, na kama ni fundi kweli chuma hutoka na umbo ambalo mkono umeliamuru. Athanas alisimama mbele ya mashine hiyo tangu ana miaka ishirini na kitu. Aliibeba kwa lori la mchanga, akabomoa ukuta wa banda lake la bati nyuma ya nyumba, akaiingiza, akaujenga ukuta upya. Mota yake kubwa ilikataa umeme wa nyumbani, akaiondoa na kufunga mota ya pampu ya maji.

Miaka ya mwanzo alifanya kazi vizuri. Watu wa mashine za kusaga walikuja kutoka mpaka Gairo kuchongesha pulei na gia. Kisha mikono ikaanza kutetemeka.

Ilianza mkono wa kulia, kidogo, kama simu inayolia ndani ya kitambaa. Baadaye na wa kushoto. Daktari alilitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, akampa vidonge, vidonge vikaisha. Athanas hakumwambia mtu. Mkewe Eufrazia, Mama Evance kwa majirani, alijua kwa sababu yeye ndiye aliyemfunga vifungo vya shati asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, na ndiye aliyemmiminia chai nusu kikombe badala ya kikombe kizima. Wateja aliwaambia ana kazi nyingi. Walipoanza kuelewa kwamba hana kazi yoyote, aliwaambia anaibadilisha mashine iendeshwe kwa kompyuta.

Hapo alikuwa hajaiona hiyo kompyuta. Lakini neno likishatoka mbele ya watu huwa deni, na Athanas akaenda kumtafuta Mwanahawa Salehe.

Mwanahawa alikuwa karani wa stoo ya kiwanda, akiingiza hesabu za vipuri kwenye kompyuta pekee iliyokuwapo. Kompyuta hiyo nayo iliitwa chakavu siku ile ile, naye akaondoka nayo. Sasa alikuwa na kibanda cha kupiga chapa karibu na stendi, akiandikia watu barua za kuomba kazi. Kazi zenyewe hazikuwepo, ila barua ziliandikwa. Kwao ni Tabora, Mnyamwezi, na Athanas ni Mluguru wa milimani. Maana yake ni watani, tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu iliyopita hapa ikienda pwani, Wanyamwezi wakiwa wapagazi. Hakuna aliyeketi akauandika utani huo, na hakuna tume iliyoweza kuuza.

“Shikamoo mtani,” Mwanahawa alisema alipomwona mlangoni. “Umeshuka mlimani? Ule mguu wako uliofupishwa na mteremko haujachoka huku kwenye tambarare?”

“Marahaba, mpagazi. Mzigo umeutua wapi leo?”

“Umekuja kuandikiwa barua ya mapenzi?”

“Nimekuja unifungie kompyuta kwenye milingi.”

Mwanahawa aliacha kupiga chapa. Aliwahi kusoma habari hizo kwenye majarida ya zamani aliyoyaokota kwenye ofisi moja ya mjini: unatoa waya kwenye tundu la printa, unaupitisha kwenye saketi yenye transista, na saketi inazungusha mota ndogo hatua kwa hatua, hatua ndogo kuliko upana wa unywele. Mota moja kwa kila hendeli. Kompyuta ikihesabu hatua, meza inakwenda pale inapoambiwa.

“Kwa nini unataka?” aliuliza.

“Wakati umebadilika. Sasa hivi kila kitu ni kompyuta.”

Hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa ndani ya mifuko ya suruali yake, alikoiweka mikono yote miwili tangu alipoingia.

Kazi ilichukua kiangazi chote na mvua za vuli. Mota walizitoa kwenye mashine kubwa za kuchapia zilizotupwa na ofisi fulani. Athanas alielekeza, na kwenye kazi nyingi alipata sababu ya Mwanahawa kushika spana yeye mwenyewe: “shika wewe ujifunze.” Mwanahawa alijifunza. Umeme ulikatika kwa mgao, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza transista, wakanunua nyingine. Skrubu za meza zilikuwa na pleyi, yaani ukigeuza hendeli upande wa pili inazunguka hewani kidogo kabla meza haijaondoka, na hiyo nayo ikabidi kompyuta ifundishwe. Mwishowe Mwanahawa aliiambia mashine ichore duara kwenye ubao wa mninga. Duara likatoka duara. Eufrazia alipitisha kidole kwenye ukingo wake akasema, “Laini kama sahani.” Athanas alitoka nje akakaa kwenye kigogo nyuma ya banda kwa muda.

Wiki hiyo ndipo alipokuja Sista Editha.

Sista Editha alikuwa msimamizi wa zahanati ya misheni, huko milimani juu ya Mkuyuni. Umeme wa zahanati ulitoka kwenye gurudumu la maji: maji yanaporomoka ndani ya bomba, yanapiga vijiko vya chuma vilivyopangwa kuzunguka gurudumu, gurudumu linazungusha jenereta, friji ya chanjo inapoa. Mvua kubwa za mwaka uliopita zilishusha mawe, mawe yakaingia bombani, yakavunja karibu nusu ya vijiko. Friji sasa ilikuwa inawashwa kwa mafuta ya taa yanayopandishwa kichwani.

“Vijiko hivi mlivitengeneza ninyi kiwandani, miaka ya themanini,” Sista alisema. “Padre aliyekuwepo aliniambia kuna fundi Kobelo alivichonga kwa mkono mpaka Wazungu wakaomba kumwona.”

“Ni mimi,” alisema Athanas.

“Najua ni wewe. Ndiyo maana nimekuja.”

Alitoa kijiko kizima kwenye mfuko, akakiweka mezani. Kilikuwa kama vijiko viwili vya kupakulia vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu, na mwamba mwembamba katikati, uliosimama kama makali ya kisu, unaoyapasua maji. Athanas alikitazama bila kukigusa. Hakuna mchoro, michoro ililiwa na karanga. Kilichobaki ni kijiko chenyewe.

“Kuna kampuni Dar wanasema wataagiza gurudumu zima kutoka nje,” Sista alisema. “Siku hizi kila kitu kinaagizwa. Lakini likiharibika tena itabidi tuagize tena. Mimi nataka mtu ninayeweza kumfuata kwa miguu. Niambie, Mzee Kobelo, unaweza au huwezi? Ukishindwa nitawajibu hao wa Dar.”

“Naweza.”

“Nitarudi kabla ya Pasaka kuona cha majaribio.”

Alipoondoka, Athanas alimwambia mkewe waziwazi, mara ya kwanza na ya mwisho: “Hiki kikishindikana, Eufrazia, naiuza mashine. Sitakaa na mashine ndani ya banda kama mtu anayekaa na maiti.”

Ili kompyuta ichonge kijiko, ilihitaji kwanza kulijua umbo lake. Mwanahawa alikuwa na wazo. Wafunge sindano mahali pa kisu, wafunge kijiko cha zamani mezani, waunge betri na balbu ya tochi kati ya sindano na kijiko. Mota zisogeze meza taratibu. Sindano ikigusa chuma, balbu inawaka, kompyuta inasimama na kuandika namba. Halafu nukta inayofuata. Hakuna mtu wa kushika kitu.

“Hapana,” Athanas alisema. “Chuma hakiguswi na balbu. Chuma kinasikilizwa kwa mkono. Nitazungusha hendeli mimi, nikihisi imegusa nakusomea namba, wewe unaandika.”

“Mtani, balbu haichoki.”

“Balbu haijawahi kuchonga kijiko. Mimi nimechonga.”

Hilo lilikuwa kweli, na lilisemwa na mtu mzima kwa sauti ya kufunga mazungumzo. Mwanahawa akaketi kwenye kompyuta.

Walifanya hivyo kwa siku kadhaa, asubuhi, kabla joto halijapanda kwenye bati. Athanas alisimama akimpa mgongo. Alizungusha hendeli, akasimama, akasoma namba. Akazungusha, akasimama, akasoma. Mwanahawa aliandika. Siku ya pili, bila kumwambia, alimrudisha kwenye nukta waliyokwisha kuipima, akisema amepoteza namba. Namba ya pili haikufanana na ya kwanza. Alimrudisha tena. Ya tatu haikufanana na zote mbili. Mwanahawa alitazama ule mgongo, ukiwa umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha, akaandika ile ya katikati. Kuna mambo ambayo mtu mdogo hamwambii mtu mzima, hata akiwa mtani, mpaka utani wenyewe upate mlango.

Sista Editha alirudi Jumamosi moja ya Kwaresima, jua likiwa juu.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Karibu, Sista. Umefika wakati mzuri, kinatoka sasa hivi.”

Kilikuwa kinatoka kweli. Mashine ilikuwa inachonga kijiko cha majaribio kwenye gogo la mninga, hendeli zikizunguka zenyewe bila mtu, na Sista alisogea nyuma hatua moja alipoona hivyo, kisha akacheka aibu yake. Kisu kiliposimama, Athanas alimwachia Mwanahawa akifungue. Mwanahawa alikifungua, akapuliza vumbi la mbao, akakiweka mezani palipokuwa na mwanga.

Umbo lilikuwa lenyewe. Lakini ndani, pale ambapo maji hutakiwa kuteleza, kulikuwa na mawimbi. Madogo, mengi, yamefuatana kutoka ukingo hadi ukingo, kama mchanga wa mtoni maji yakishapungua. Hayakuwa makosa ya hapa na pale. Yalikuwa na mwendo wake. Mashine ilikuwa imetii kila namba iliyopewa.

Sista alipitisha kidole. “Hivi ndivyo kinavyotakiwa kuwa?”

“Hapana,” Athanas alisema. “Hii ni kompyuta. Umeme wa mgao unaichanganya.”

“Duara la siku ile lilitoka safi,” Mwanahawa alisema polepole.

“Siku ile umeme ulikuwa mzuri.”

“Umeme ni ule ule, mtani.”

“Basi umekosea kuandika namba.”

Eufrazia, aliyekuwa ameingia na sinia la chai, alisimama palepale mlangoni. Mwanahawa alikwisha kuambiwa makubwa zaidi na watu wenye tai.

Sista Editha ni mtu wa milimani, hapendi ugomvi wa mezani, na alitafuta njia ya kumsaidia kila mtu. “Jamani, si kitu. Vitu vipya vina mambo yake. Mzee Kobelo, achana na kompyuta. Nifanyie kwa mkono tu, kama vile vya kwanza. Mimi nitasubiri. Hata nikae hapa leo nikutazame ukianza kimoja, nikawaeleze masista wenzangu.”

Alisema kwa nia njema kabisa. Athanas alitazama hendeli tatu, akatazama mlango, ambako mkewe alisimama na sinia. Uongo aliouchagua ulikuwa umemleta hapo, na hapakuwa na mwingine.

“Leo... leo kisu hakijanolewa,” alisema.

“Kisu nimekinoa jana,” alisema Mwanahawa. Akainuka, akampokea Eufrazia sinia. “Mama Evance, nipe mimi. Leo nawahudumia Waluguru, nione watanipa nini.”

Akamimina chai. Alimimina kikombe cha kwanza mpaka juu, mpaka chai ikasimama ukingoni ikisubiri sababu ya kumwagika. Akakiweka kwenye kisahani, akamnyooshea Athanas.

“Mtani, mgeni wako huyo. Mpe chai kwa mkono wako.”

Eufrazia akasema, “Mwanahawa,” kwa sauti ndogo.

“Mama Evance, wewe ni mke, huna ruhusa. Mimi ninayo.”

Athanas angeweza kukataa. Angeweza kusema weka mezani. Lakini mgeni alikuwa mtawa, alikuwa ameketi mbele yake, na chai ya mgeni ilikuwa imenyoshwa. Akatoa mikono mifukoni akapokea. Kikombe kikaanza kulia juu ya kisahani. Kililia kama kengele ya baiskeli kwenye barabara mbovu, na chai ikashuka pande zote, ikajaa kisahani, ikadondoka kwenye sakafu na kwenye kiatu cha Sista. Hakuna aliyesogea. Kelele ile ya udongo juu ya udongo iliendelea mpaka Sista Editha aliponyosha mikono yake miwili, akaishika ya Athanas pamoja na kikombe, ikatulia.

Mwanahawa akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, ile ya watani msibani, ambayo mgeni akiisikia huona ni ukatili.

“Ehee! Mnamwona Mluguru? Anacheza ngoma na mikono, miguu imemshinda! Kumbe mashine yangu haina kosa. Mashine imemwandika mtu kama alivyo. Ameiambia tetemeka, imetetemeka. Wewe mtu, umenisingizia kompyuta, umenisingizia umeme, ukanisingizia na mimi, kumbe ngoma unayo mwenyewe!”

Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umejivua heshima, na watakaosikia watakucheka wewe. Athanas alijua hivyo, kama anavyojua jina la ukoo wa mama yake. Uso wake ulikuwa umekwenda mbali, ulichukua muda kurudi.

“Mpagazi,” alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imekwaruza. “Babu yako alipita hapa na pembe kichwani anatetemeka mwili mzima kwa njaa. Tulimpa uji. Hatukumcheka.”

“Mlimpa uji wa maji maji!”

“Ndio uliomfikisha Bagamoyo.”

Sista Editha alitoa leso akafuta kiatu, akiwa ameinama muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji. Eufrazia alikaa kwenye kigoda, akaweka kanga mdomoni. Baadaye alisema, si kwa mtu yeyote, “Nimechoka kufunga vifungo mlango ukiwa umefungwa.”

Mwanahawa alikuwa hajamaliza. Alichukua spana kwenye benchi, akaenda kwenye mashine, akafungua nati ya hendeli ya kwanza, akaivuta. Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu, ile nzito ya kupandisha meza, akalazimika kuigonga kwa nyundo. Zote tatu akazitia kwenye kikapu chake.

“Nimekamata,” alisema.

“Wewe! Hendeli za mashine?”

“Nimekamata, mtani. Mashahidi ni mkeo na mtawa wa Mungu. Zinakwenda kwangu. Utazikomboa kwa jogoo mwekundu, siku nitakayotaka mimi, siyo wewe.”

Huo nao ni utani, na una sheria kuliko sheria nyingi zilizopitishwa na watu wanaolipwa kwa kupitisha sheria. Mtani akikamata kitu chako, unaweza kumtukana mpaka jua lizame. Kumnyang’anya huwezi. Athanas alimtukana. Alimtukania Tabora, alimtukania asali na wanaoirina, alimtukania reli ya kati na mabehewa yake. Mwanahawa alisikiliza huku akifunga sindano mahali pa kisu. Kisha akachomoa waya kwenye redio mbovu, akaomba betri na balbu ya tochi.

“Kwa hiyo mkono hauwezi tena?” Sista Editha alimwuliza Athanas. Aliuliza bila kuzunguka, kama anavyouliza wagonjwa wake.

“Hauwezi, Sista.”

“Tangu lini?”

“Kabla ya kompyuta.”

“Na vijiko?”

Athanas alitazama mashine. Bila hendeli ilionekana kama mtu aliyevua miwani. “Sijui,” alisema. “Nikikwambia naweza nitakuwa nimekudanganya tena. Nipe mpaka Pasaka ipite. Ukiona kimya, wajibu watu wa Dar.”

Sista alikunywa chai iliyobaki kikombeni, akaaga, akaondoka.

Kazi ya balbu ilikwenda polepole kuliko walivyodhani. Sindano ilishuka hatua, ikasimama, ikashuka, ikasimama, balbu ikawaka, kompyuta ikaandika, sindano ikapanda, meza ikasogea kidogo, ikaanza upya. “Kama mwanamume anayemtongoza mjane tajiri,” Mwanahawa alisema. Umeme ukikatika walisubiri. Yeye aliporudi kibandani kwake kuandika barua za watu, Athanas alibaki kwenye kigoda mbele ya kompyuta, kazi yake kubonyeza kitufe cha kuendelea. Kidole kilibonyeza mara mbili pale kilipotakiwa kubonyeza mara moja, na siku ya kwanza sindano ilishuka mara mbili ikavunjika. Alimwambia Mwanahawa alipokuja jioni. Hakusema umeme. Alisema, “Ni kidole changu.” Mwanahawa akaifundisha kompyuta isisikie mbonyezo wa pili ukifuata haraka, na kazi ikaendelea.

Kijiko cha pili cha mninga kilitoka laini, isipokuwa kwenye ule mwamba wa katikati, ambako sindano iliteleza pembeni kabla ya kugusa. Wakabishana siku nzima. Athanas alisema wakiinamishe kijiko, Mwanahawa akasema wakikiinamisha hesabu zote zinabadilika. Mwishowe walikiinamisha, na hesabu zikabadilika, Mwanahawa akazirudia zote huku akilaani milima. Cha tatu kilikuwa sawa. Athanas alikishika kwa mikono miwili, kikatetemeka mikononi, lakini ndani yake hapakuwa na wimbi hata moja.

Vitonge vya shaba vilisubuliwa na mafundi wa kuyeyusha vyuma, kutokana na mabomba na koki za zamani. Mashine ikavichonga kimoja baada ya kingine. Majirani walikuja kutazama. Athanas hakuificha mikono. Mwenzake mmoja wa karakana ya zamani, aliyekuwa sasa anauza mitumba, alikuja akatazama mashine, akatazama mikono, akasema, “Kumbe.” Athanas akajibu, “Ndiyo.” Wakazungumza mambo ya mpira.

Baada ya Pasaka, Sista Editha alituma gari la misheni likachukua vijiko. Ilipita wiki na zaidi bila habari, na katika siku hizo Athanas hakuingia bandani kabisa. Halafu dereva wa gari lile alipitia kwao Mafiga akiwa na mkungu wa ndizi. Alisema gurudumu linazunguka, friji inagandisha mpaka wanalazimika kuipunguza. Alisema pia Sista ameuliza kama wanaweza kuchonga na vya akiba.

Athanas alipokea ndizi, akaingia bandani. Mota zilikuwa zimezimwa. Alisimama mahali pake pa zamani, mbele ya mashine, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye ncha ya mhimili ambako hendeli ilikuwa inakaa. Ulikuwa umekwenda hapo mara nyingi tangu siku ile. Alipokuwa peke yake, mota zikizunguka, alizoea kuweka kiganja juu ya ncha ile na kuiacha imzungushe. Eufrazia alikwisha kumwona na alikwisha kunyamaza.

Akachukua msumeno wa chuma, akaukata mhimili wa kwanza usawa na ukuta wa mashine. Msumeno uliyumba, mkato haukunyooka, naye hakuutia tupa. Akakata wa pili. Wa tatu ulikuwa mnene, ukamchosha, akapumzika akala ndizi, akarudi akaumaliza. Eufrazia alisimama mlangoni.

“Akizileta utazifunga wapi?”

“Sitazifunga.”

Mwanahawa alikuja siku iliyofuata na kikapu, hana habari. Sauti yake ilitangulia kutoka njiani.

“Hodi kwa Waluguru! Kobelo, nimekuletea mali yako. Leo ndiyo siku ninayotaka. Jogoo wangu mwekundu yuko wapi?”

“Tumemla.”

“Mmemla jogoo wa watu?”

“Alikuwa mtamu.”

Mwanahawa aliingia bandani akicheka, akaitoa hendeli moja kikapuni, akaenda nayo mpaka kwenye mashine. Akasimama. Akainama akatazama ncha tatu zilizokatwa, zikiwa bado zinang’aa, unga wa chuma umetapakaa chini yake. Alipitisha kidole kwenye mkato uliopinda.

“Mzee Athanas,” alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. “Sasa hizi nitazifanyia nini?”

“Wewe si mpagazi? Beba.”

Mwanahawa akairudisha hendeli kikapuni.

“Mashine ikiharibika kompyuta, utaisogezaje?”

“Itasimama,” Athanas alisema. “Na wewe utaitengeneza. Kaa. Kuna mtu wa Gairo anataka pulei, amekuja asubuhi. Nimemwambia tunaweza.”

Akavuta kigoda kwa mguu, akakisogeza mbele ya kompyuta, na Mwanahawa akaketi.